Kundi la Pili

Joto ndani ya ukumbi wa kanisa lilikuwa limetushinda, na karatasi za maelezo tulizogawiwa mlangoni zilikuwa zimekwisha kugeuzwa vipepeo kabla hata ya kusomwa. Tulikuwa wanawake wa vyama kadhaa vya Nyalenda, mtaa wa Kisumu, tumealikwa kuwasikiliza watafiti waliotaka kutueleza utafiti wao kabla ya kuuanza. Mpango ulikuwa hivi: nusu ya vijiji vya eneo letu vingepelekewa kifaa cha kujipima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wa nyamrerwa (mhudumu wa afya wa kijijini) anayefahamika, nusu ya pili ingeendelea na huduma ya kawaida katika vituo vya afya.

Kijana aliyetumwa kueleza alikuwa na adabu na subira. Alitoa brashi yenyewe kwenye pakiti yake, akatuonyesha nyuzi laini zilizo nchani, akaeleza jinsi mwanamke anavyoiingiza mwenyewe akiwa chumbani kwake, anavyoizungusha taratibu, kisha anavyoitia katika kichupa chenye kifuniko cha kusokota. Kichupa kikapita mkono kwa mkono. Wengine walikinusa.

Ndipo mama mmoja mzee, ambaye mtaani tunamwita Dani tu, aliponyosha mkono.

"Mwanangu, hao wa huduma ya kawaida, huduma yenyewe wataikuta wapi?"

Watu walicheka. Kijana naye alitabasamu, akajibu, "Mama, kila mwanamke ana haki ya kwenda kupimwa katika kituo kilicho karibu naye." Dani akaketi, lakini aliketi kama mtu ambaye hajajibiwa, kwa maana sote tulikijua kituo hicho. Chumba cha uchunguzi wa akina mama kilikuwa na kufuli, mtungi wa gesi wa mashine ya kugandisha madoa ulikuwa mtupu tangu zamani, na muuguzi aliyefunzwa kupima kwa siki alikuwa amehamishwa.

Mkutano uliendelea. Soda ziligawiwa, nauli ikatolewa na kutiwa sahihi. Waliopendelea kidole gumba walikibonyeza kwenye pedi ya wino, kisha wakakifutia pindoni mwa leso.

Swali la Dani nikaondoka nalo, na limekuwa likinisumbua kwa wiki kadhaa sasa.

## Mji uliozoea kuchukuliwa damu

Kisumu haiogopi watafiti. Tangu KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wamarekani wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, waanze kushirikiana mwaka 1979, watu wa hapa wametoa damu, makohozi na majibu ya hojaji bila idadi, na watoto wetu wamelala chini ya vyandarua vyenye dawa ambavyo manufaa yake yalithibitishwa katika vijiji vya Nyanza. Kwamba bado kuna wanaonong'ona habari za kachinja, wale wanyonya damu wanaosemekana kutembea na gari usiku, sishangai wala sicheki. Mtu anayetolewa damu asiletewe majibu ana haki ya kubuni maelezo yake mwenyewe.

Hivyo tumezoea kuuliza kuhusu kinachochukuliwa. Huenda ndiyo sababu kila mazungumzo ya saratani ya mlango wa kizazi na maadili ya utafiti yanapoanza, jina la kwanza kutajwa ni la Henrietta Lacks, ambaye seli za uvimbe wake zilichukuliwa mjini Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuulizwa, na zinaishi maabarani hadi leo. Familia yake ilisubiri hadi mwaka 2023 ndipo ikafikia maafikiano na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikifaidika na seli hizo. Kisa hicho ni kizito na sikipunguzii chochote. Hata hivyo, kwa maoni yangu kimesimuliwa sana hata kikatufanya tudhani kwamba dhuluma ya utafiti ni wizi peke yake. Dani aliuliza habari za mwanamke ambaye hakuibiwa chochote.

Aliachwa tu.

## Auckland

Mwaka 1966, Dkt. Herbert Green wa Hospitali ya Kitaifa ya Wanawake mjini Auckland, New Zealand, aliruhusiwa na wakubwa wake kuwafuatilia wanawake waliokuwa na dalili za awali kwenye mlango wa kizazi pasipo kuwapa tiba kamili. Hakuamini kwamba hali hiyo huzaa saratani, na alitaka kuwathibitishia wenzake. Tiba ilikuwepo katika hospitali ile ile. Wanawake hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio. Waliitwa kliniki mara kwa mara, wakapimwa tena na tena, wakarudishwa nyumbani wakiamini wanatunzwa. Madaktari wawili wa hospitali hiyo, McIndoe na McLean, walilalamika kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Mambo yalibadilika mwaka 1987, waandishi wawili wanawake walipochapisha habari hiyo katika jarida la mjini humo, serikali ikaunda tume chini ya Jaji Silvia Cartwright, na ripoti ya tume hiyo ya mwaka 1988 ikawa msingi wa sheria za haki za wagonjwa za nchi hiyo.

Hayo wengi wameyasikia. Yanayosemwa mara chache ni yaliyofuata. Mwaka 2008, watafiti waliofungua upya majalada ya hospitali hiyo walichapisha hesabu: miongoni mwa wanawake ambao hawakutibiwa ipasavyo, takriban asilimia 31 walikuwa wamepata saratani kamili ndani ya miaka 30, ilhali miongoni mwa waliotibiwa vizuri haikufika hata asilimia 1.

Nambari hiyo ilinikalia kooni. Muuguzi wa Kisumu anapomwambia mwanamke kwamba doa la hatari lisipotibiwa linaweza kugeuka saratani, na kwamba si kila doa hugeuka, uhakika alio nao kuhusu uwiano huo unatokana kwa sehemu kubwa na wale wanawake wa Auckland, kwa kuwa hakuna kamati ya maadili, hapa wala kwingineko, itakayoruhusu jambo hilo lipimwe tena. Maarifa yenyewe hayawezi kurudishwa yalikotoka. Tunayatumia kila siku, tukiokoa watu kwayo, na sijui tungewezaje kuacha kuyatumia.

## Osmanabad

Green ni rahisi kumhukumu, kwa sababu alikuwa na tiba na akainyima. India ndiyo iliyoniyumbisha.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, tafiti tatu kubwa zilifanywa Mumbai, Osmanabad na Dindigul ili kujua kama vipimo vya bei nafuu vinaweza kupunguza vifo vya saratani ya mlango wa kizazi katika nchi zisizo na maabara nyingi. Ule wa Mumbai uligharimiwa na taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani. Hizo mbili nyingine zilipata fedha za Wakfu wa Gates. Wanawake hawakugawanywa mmoja mmoja bali kwa vijiji na mitaa. Baadhi ya makundi yalipimwa, na kundi moja katika kila utafiti likaachiwa huduma ya kawaida, ambayo kwa mkulima wa Maharashtra ilimaanisha kuelezwa habari za ugonjwa na kuelekezwa hospitali ya kwenda akitaka.

Utafiti wa Osmanabad ulihusisha wanawake zaidi ya 131,000, na matokeo yake yalitoka mwaka 2009. Katika kundi lililopimwa HPV, tena mara moja tu, wanawake 34 walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Katika kundi lisilopimwa walikuwa wamekufa 64. Makundi hayo mawili yalikaribiana kwa ukubwa.

Soma tena nambari hizo polepole. Ni habari njema na ni orodha ya marehemu kwa wakati mmoja.

Dkt. Eric Suba, Mmarekani aliyeupinga mpango huo kwa miaka mingi, alijumlisha tafiti zote tatu akapata kwamba wanawake takriban 138,000 waliwekwa katika makundi yasiyopimwa, na kwamba angalau 254 kati yao walikufa kwa ugonjwa uliokuwa ukichunguzwa. Watafiti nao walijitetea, na utetezi wao hauna upuuzi ndani yake. Walisema India haikuwa na mpango wa kitaifa wa kupima, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa alichokuwa nacho. Kwamba bila kundi la kulinganisha usingeweza kujua kama kipimo kinaokoa maisha au kinapoteza fedha. Na kwamba serikali maskini hazitoi fedha pasipo ushahidi wa vifo.

Nilipousoma utetezi huo mara ya kwanza niliukubali. Nilipousoma tena nikakumbuka kwamba kipimo cha Pap, kinachochunguza seli za mlango wa kizazi, kilijulikana tangu miaka ya 1940, na kwamba Finland ilianza mpango wa kuwapima wanawake wake miaka ya 1960, vifo vikashuka sana, bila kwanza kuacha kundi la wanawake wa Kifini wasipimwe ili ionekane wangapi watakufa. Nchi tajiri ziliamini mapema, kwa ushahidi mdogo zaidi. Ushahidi wa makaburi ulidaiwa kwa wanawake ambao serikali zao zilikuwa bado zinabembelezwa kutoa pesa.

Lakini siwezi kuishia hapo, na hapa ndipo ninapokwama kila mara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kitangulie vingine, na matokeo ya Osmanabad ni miongoni mwa nguzo za pendekezo hilo. Brashi iliyopita mikononi mwetu Nyalenda, ambayo itamwepusha binti fulani wa hapa na kifo cha maumivu makali na harufu inayowafukuza hata jamaa, imetufikia kwa njia iliyopita katika vijiji vile. Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 5,000 kwa mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi hatari ni takriban mara sita ya mwingine, na kila anayeijua Nyanza anajua maana ya hesabu hiyo. Nani kati yetu angesema bora tusingejua?

## Njia nyingine ilikuwepo

Kinachonizuia kuwaosha watafiti wa India kabisa ni mambo yaliyofanyika hapa hapa kwetu.

Wanaume wa Kisumu wa umri wangu wanaukumbuka utafiti wa tohara ulioanza mwaka 2002, ambapo vijana 2,784 waligawanywa, nusu wakatahiriwa na nusu wakasubiri. Mwezi Desemba 2006 wasimamizi wa takwimu walipoona kwamba tohara inapunguza maambukizi ya ukimwi kwa zaidi ya nusu, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa. (Mabishano ya wazee kuhusu kisu na desturi ya Mjaluo ni makala nyingine, nami siigusi.)

Kisha ukaja utafiti wa KEN SHE, uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliandikishwa kati ya Desemba 2018 na Novemba 2019 ili kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha badala ya mbili au tatu. Kundi la kulinganisha halikuchomwa maji matupu. Lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, yenye faida yake, na mpango tangu mwanzo ulikuwa kwamba baadaye lingepewa ile ya HPV. La muhimu zaidi, watafiti hawakungoja saratani wala vifo. Walipima maambukizi yanayong'ang'ania mwilini, ambayo ndiyo mlango wa saratani. Baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imewakinga waliochanjwa kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi, 16 na 18. Mwaka huo huo wa 2022 matokeo yalipochapishwa, Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike. Kati ya waliousimamia walikuwemo Profesa Nelly Mugo na Profesa Elizabeth Bukusi wa KEMRI. Ninajivunia jambo hilo na sioni haya kusema.

Hata hivyo, nilipofika kwenye jedwali la matokeo nilisimama. Waliopata maambukizi hayo katika makundi mawili ya chanjo ya HPV walikuwa wawili tu, mmoja kila kundi. Katika kundi la uti wa mgongo walikuwa 36.

Chanjo iliyokuja baadaye haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Ni kweli kwamba mengi ya maambukizi hayo huondoka yenyewe, na ni kweli kwamba wasichana hao walikuwa wamevuka umri wa mpango wa serikali, ulioanza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka kumi, kwa hiyo nje ya utafiti huenda wasingepata chanjo kamwe. Nauona utafiti huo kuwa wa haki. Ila haki hiyo haiishii siku ya kuchapisha matokeo, kwa kuwa msichana mwenye virusi vilivyong'ang'ania anahitaji jambo moja zaidi atakapofikia umri wa kupimwa: chumba kilicho wazi, na mtu ndani yake anayejua kutibu.

Ndiyo maana nimerudi kwenye kufuli.

## Kufuli

Kwa siku kadhaa nilikuwa na nia ya kuwashawishi wanachama wenzangu tuukatae utafiti wa vijiji. Kilichonigeuza ni hoja ya kaka yangu, ambaye ni mtu wa takwimu na hana subira na hisia zangu. "Mkikataa," aliniambia, "hakuna nusu yoyote itakayopata kitu. Sasa hivi vijiji vyote viko katika kundi la pili." Sikuweza kumjibu, na bado siwezi. Kuwanyima nusu moja brashi kwa sababu nusu nyingine haipewi ni ukaidi.

Lakini hoja yake inasimama tu tukilichukulia lile kufuli kama kiangazi, jambo lililoshuka kutoka mbinguni na ambalo binadamu hulipokea alivyolikuta. Chumba kilifungwa na mtu. Mtungi haukujazwa kwa sababu mtu hakusaini karatasi. Mtafiti hakuyafanya hayo, na ni dhuluma kumbebesha. Anachokifanya mtafiti ni kuandika katika pendekezo lake kwamba kundi la pili litapata huduma ya kawaida, kamati ya maadili inasoma maneno hayo ikiwa mezani Kisumu au Nairobi, na kuanzia hapo chumba kilichofungwa kimekuwa, kwenye karatasi, huduma. Baadaye matokeo yatachapishwa, na msomaji wa mbali ataamini kwamba brashi ya nyumbani ilishindana na kliniki na kuishinda. Itakuwa imeshindana na mlango.

Kaka yangu ana jibu kwa hilo pia. Anasema mkikitengeneza kituo kabla ya utafiti, mtakuwa mmebadilisha uhalisia, na matokeo hayatafaa kwa maeneo ambayo vituo havijatengenezwa. Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba hatuhitaji wanawake wetu ili kugundua kwamba chumba kilichofungwa hakizuii saratani. Swali lenye thamani ni kama brashi inawafikia wanawake wengi kuliko kliniki inayofanya kazi, na swali hilo halijibiki kabla kliniki haijafanya kazi.

Kuna jambo la pili, ambalo hata wenye bahati ya kundi la kwanza wanapaswa kuliuliza. Katika utafiti uliofanywa Migori, wanawake wengi zaidi walipimwa pale kipimo cha HPV kilipopelekwa kwenye kambi za afya vijijini kuliko kilipobaki vituoni, lakini chini ya nusu ya waliokutwa na virusi ndio waliofika kutibiwa. Nauli, mume, zamu ya kuchuuza samaki, foleni, woga. Kupimwa bila kutibiwa kunamwachia mwanamke hofu yenye jina, naye anabaki nayo usiku akiwa peke yake. Kituo kile kile chenye kufuli ndicho ambacho kundi la kwanza litaelekezwa.

Na la tatu, ambalo sikulitambua hadi nilipoisoma fomu ya ridhaa mara kadhaa: mwanamke wa kundi la kwanza ataulizwa ridhaa yake mlangoni mwake, atasomewa kwa Kiswahili au Dholuo, atatia sahihi au kidole. Kijiji cha kundi la pili kinapangiwa kwa kura, chifu na viongozi wakishakubali. Hakuna ukurasa wa mwanamke wa huko. Tafiti za kugawanya vijiji huendeshwa hivyo kwa sababu za kitaalamu ninazozielewa, na kuna miongozo ya kimataifa kuzihusu. Ila mtu ambaye hataombwa ridhaa ndiye hasa anayehitaji kutembelewa na kamati kabla muhuri haujagongwa, kwenda na gari hadi kituoni, kuuliza ufunguo uko kwa nani, kuutikisa mtungi.

Chama chetu kimewaandikia watafiti. Tumeomba pendekezo lao litaje, kwa vijiji vyote, kituo kitakachotibu, siku kitakapokuwa wazi, jina la cheo cha atakayetibu, na nani atalipia gesi hadi lini, pamoja na tarehe ambayo kundi la pili litapelekewa brashi. Tuliletewa jibu la heshima. Tarehe wameikubali na wataiandika. Kuhusu kituo na siku, watalipeleka suala hilo kwa kamati ya maadili. Kuhusu gesi wamesema bajeti yao haina kifungu hicho na kwamba jambo hilo liko chini ya wengine, ambao nao tumewaandikia, na barua yetu ya kuwakumbusha itatumwa wiki ijayo.